Mzee wa Geti na Timu Zilizohama

Mwaka juzi, nikiwa nimejinyoosha kwenye sofa langu hapa Oxon Hill, nje kidogo ya Washington, soksi miguuni na chai mkononi, nilimtangaza mtu mzima kuwa amepotewa na kumbukumbu, na ushahidi wangu wote ulikuwa timu ya besiboli ya Boston. Nalitaja kosa lenyewe mapema, maana nikilichelewesha nitaanza kutafuta visingizio, na visingizio nimejaliwa kuliko nywele.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa natafuta kalamu, nikafungua mkoba wa binti yangu Rehema, wakati ule ana miaka kumi, nikakuta daftari lake la darasa la Kiswahili la Jumamosi. Ukurasa ulikuwa na majina ya timu kwa kalamu na ya miji kwa penseli, yamefutwafutwa mpaka karatasi imeota manyoya. "Timu ya Boston inakaa Atlanta. Kabla ya hapo ilikaa Milwaukee." Chini yake: "Timu ya Washington inakaa," halafu neno limefutwa, likaandikwa Minnesota, nalo likafutwa nusu, juu yake Texas. Pembeni, kwa herufi za mtoto aliyechoka: "Hii ya sasa ilizaliwa Kanada."

Mimi nimekulia Tanga. Kule timu ikifungwa inashuka daraja, ikiishiwa inakufa, lakini huwezi kuamka asubuhi ukaambiwa timu yenu imefungasha virago na kuanzia leo ni ya Mbeya. Watu wangelala barabarani. Kwa elimu yangu hiyo, pamoja na cheti cha kidato cha nne chenye C ya Kiswahili na D ya Jiografia, nikaamua aliyekosea ni mwalimu. Mimi ndiye katibu wa wazazi wa darasa lile. Uchaguzi ulifanyika sebuleni kwangu na sikuwa na pa kukimbilia. Basi nikashika simu, nikaandika kwenye kundi letu:

"Ndugu wazazi, tumwombee mzee wetu. Ameanza kuchanganya mambo. Anawafundisha watoto kwamba timu ya Boston ipo Atlanta na ya hapa kwetu ipo Texas. Naona umri umefika. Tuwaze kumpumzisha."

Nikaweka na vile viganja viwili vya dua. Kisha nikarudi kwenye chai yangu, nikajiona mtu mwenye huruma.

Mwalimu huyo tulimwita Mzee wa Geti. Jina lake kamili nadhani alilijua yeye na ofisi iliyomlipa mshahara. Watoto walimwita Babu Geti. Kwa miaka mingi alisimama kwenye geti moja la uwanja wa besiboli wa Washington, akipokea tiketi. Alistaafu muda mfupi baada ya tiketi kuhamia kwenye simu, na hilo hakuwahi kulisamehe. "Zamani nilikuwa nachana karatasi," alisema, "nampa mtu kipande chake, anakiweka mfukoni kama hirizi. Siku hizi namlenga mtu kifuani na kile kimashine kama namnyang'anya."

Jambo la kwanza mtu angeshangaa kwake ni kwamba hakujua nani ameshinda. Ungemkuta Jumapili, mji mzima unapiga honi, ukamuuliza, "Mzee, jana vipi?" Akajibu, "Jana kulikuwa na baridi." Mlinda geti husimama mgongo kwa uwanja, alinifafanulia, yeye mechi aliziona kwenye nyuso za wanaotoka. Katika miaka yote ile hakuwahi kukaa kwenye kiti akatazama mchezo tangu mwanzo hadi mwisho. Siku moja nilimtania kwamba yeye ni kama mimi ninayefua mashuka ya hoteli ya kitajiri pale kando ya mto na sijawahi kulala humo hata usingizi wa mchana. Akanitazama. "Tofauti ipo, Katibu. Wewe huulizi nani kalalia."

Yeye aliuliza. Hapo ndipo ilipoanzia habari yake yote. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kimarekani, mweusi, aliyekuja getini kila msimu na kofia yenye herufi ambazo si za timu yoyote inayocheza. Mzee wa Geti akamuuliza ni ya nani. Yule akamweleza kwamba ni ya timu ya Weusi ya zamani, enzi Weusi walipokuwa wamefungiwa nje ya ligi kubwa. Timu yao ilikuwa ikikodi uwanja wa mji huu pale wenye uwanja, yaani timu ya Wazungu, wanapokuwa safarini. Wakirudi, hawa wanatoka. Foleni ikaziba nyuma, watu wakalalamika, msimamizi akaja mbio. Tangu siku hiyo Mzee wa Geti alikuwa na swali moja kwa kila mwenye mvi aliyepita mbele yake: wewe ulianza na timu gani? Majibu aliyaandika nyuma ya vipeperushi. Siku zake za mapumziko alikwenda maktaba kuyahakiki. Kiingereza chake kilikuwa cha kukwaruza, lakini alikisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha.

Timu zinazocheza leo hazikumhusu. Alizopenda ni zile za mwanzo wa ligi, nyingi zimekufa au zimehama, na alizisema kama majirani waliotoka juzi tu. Alikuambia habari za wakati ambao wachezaji walidaka mpira kwa mikono mitupu, vidole vimepinda kama tangawizi. Wakati ambao mrushaji alirusha kwa chini, na mpigaji alikuwa na haki ya kuagiza, nirushie wa juu au nirushie wa chini, "kama yuko hotelini anaagiza mayai." Wakati ambao timu nyingi zilijulikana kwa rangi ya soksi. Hapo alinitazama miguuni. "Wewe ungepata timu mara moja."

Aliipenda zaidi habari ya Cincinnati, waliofukuzwa kwenye ligi kwa kuuza bia uwanjani na kukodisha kiwanja siku ya Jumapili. Mzee alikuwa Mwislamu wa swala tano, na hadithi hiyo ilimpa raha isiyo ya kiibada kabisa. "Walifukuzwa kwa bia!" Anacheka hadi anashika meza. "Na mimi geti langu lile, bia ingekatazwa, ningebaki na njiwa."

New York na Philadelphia nao walifukuzwa baada ya msimu wa kwanza kabisa, kwa kukataa safari ya mwisho kwenda magharibi. Waliona ni mbali, na msimu umeshaharibika, wakabaki kwao. Kila alipofika hapo, nami nimesimama mlangoni kumchukua Rehema, alininyooshea kidole mbele ya watoto. "Katibu huyu ni Philadelphia." Watoto wakafurahi sana. Na alikuwa na haki. Mke wangu husema sofa limeshachukua umbo langu, kwamba nikifa wanizike nalo tu, waokoe muda. Nikitoka kazini natoka kazini. Sitaki harusi, sitaki nyama choma, sitaki kwenda kuona maua ya miti ambayo dunia nzima inakuja kuyaona, nayo yapo dakika ishirini kutoka kwangu. Siku Mzee alipotufafanulia kwamba katika besiboli mchezaji anaondoka nyumbani, anazunguka vituo vitatu, na akifanikiwa kurudi nyumbani ndiyo anapata alama, alinigeukia: "Huu mchezo ungeuweza nusu, ile ya kuwa nyumbani."

Darasa lilikuwa kwenye chumba cha chini cha kanisa moja, ambamo Waislamu tulikaribishwa bila maneno, mradi tupange viti tulivyovikuta. Watoto walikuwa mchanganyiko wetu wa hapa: wa Kitanzania, wa Kikenya, wa Kikongo, wote wanakisikia Kiswahili na kujibu Kiingereza. Kabla yake tulikuwa na mwalimu aliyewafundisha majina ya vyombo vya jikoni. Wakakimbia. Mzee wa Geti akaingia na ramani ya Marekani, akaibandika ukutani, akasema kwa Kiswahili tu: "Leo kuna timu imetoroka. Nani ataniambia imekwenda wapi?" Basi. Mtoto anayetaka kujua timu imekwenda wapi lazima aulize, na kuuliza kwa Kiingereza Mzee alikuwa kiziwi.

Maneno alijitungia pale yasipokuwepo. Besi aliita kituo. Refa alimwacha refa. Palipokuwa na neno la Kikongo au la Kikenya alilichukua pia, halafu akagombana nasi wazazi kwamba hatujui Kiswahili chetu. Huyo huyo, akimwagikiwa na chai ya moto, alipiga kelele kwa Kiingereza safi cha getini, maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Na penseli. Sheria yake ilikuwa kwamba jina la timu liandikwe kwa kalamu na mji uandikwe kwa penseli, kwa sababu mji utakuja kufutwa. Alikuwa akisimulia timu kwa zamu: leo iko hapa, mnaandika, wiki ijayo tajiri wake amepata uwanja mzuri zaidi kwingine, shikeni raba, futeni. Watoto walipiga kelele, hasa wale waliokwisha kuipenda timu yao. Mtoto mmoja wa Kikongo alikataa kufuta. Alisema timu yake haiendi. Mzee hakumlazimisha. Akamwambia, "Sawa, wewe baki nayo. Lazima awepo mmoja wa kubaki."

Hayo ya penseli ndiyo niliyoyakuta kwenye daftari la Rehema, nikayaona ugonjwa. Ningemuuliza mtoto, angeniambia. Lakini Rehema hakuwa akiniambia mambo ya darasani kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza mimi namsikia nusu. Mzee alishanieleza sababu, siku nilipolalamika kwamba binti yangu hakijui Kiswahili. "Anakijua," alisema, wala hakupunguza sauti mbele ya wazazi wengine. "Anaogopa utacheka. Unacheka mno, Katibu." Kwa watoto alikuwa pamba. Kwa wazazi alikuwa msasa.

Kuna somo moja nililihudhuria mwanzo hadi mwisho, kwa bahati mbaya, maana mvua ilinizuia kurudi nyumbani baada ya kumpeleka Rehema. Aliwasimulia timu ya mji mdogo wa Worcester, iliyokuwa inatolewa kwenye ligi kwa sababu mji ni mdogo mno. Walijua wanatolewa, na bado walikuwa na mechi za kumalizia. Katika moja ya mechi hizo za mwisho walikuja watazamaji sita. Sita! Akawaambia watoto wawachore watu hao sita, na waseme kila mmoja alikujia nini. Mmoja alikuwa anakimbia jua. Mwingine alikuwa mama wa mchezaji. Mwingine hakujua kwamba timu inakufa. Rehema alichora watu watano, akaulizwa wa sita yuko wapi. Akasema, kwa Kiswahili, sentensi nzima, ya kwanza niliyomsikia akiisema mbele ya watu: "Wa sita ni Baba. Yuko nyumbani." Darasa lilivunjika mbavu. Mzee hakucheka. Alimwambia, "Kiswahili chako kimenyooka," akaendelea.

Sasa turudi kwenye ule ujumbe.

Mtu asiyeishi hapa anaweza kuuliza ujumbe mmoja unaweza kufanya nini. Kina mama wengi katika kundi letu wana kazi moja: kutunza wazee wa Kimarekani wanaosahau. Wanajua mwanzo wake ulivyo. Mzee anachanganya miji, baadaye anachanganya watoto, baadaye anawasha jiko na kutoka. Neno hilo ukilitaja kwao hawaulizi mara mbili, wanaanza kupanga. Kabla chai yangu haijapoa palikuwa na majibu kumi na kitu. Pole zake Mzee. Mungu amjalie. Mama mwenyekiti wetu, Mkenya mchapakazi, akanipigia. "Si ungesema mapema, Katibu? Mtu kama huyo hatuwezi kumwachia watoto. Wacha niongee na msichana wake."

Msichana wake ni mtu wa makamo mwenye watoto wawili, anakaa Germantown, zile nyumba mpya zilizoshikana, mwendo mrefu kaskazini. Aliambiwa na mwenyekiti, kwa heshima zote, kwamba jumuiya imeona dalili. Jumamosi ile ile darasa lilifundishwa na kijana wa chuo kule College Park, mwenye kompyuta na nyimbo za wanyama. Wiki iliyofuata binti alichukua funguo za gari la baba yake. Haikupita miezi miwili, na chumba cha Mzee hapa Oxon Hill, mkabala na dirisha langu, alichokaa miaka yote ile na kukataa hata kusogeza meza kutoka dirishani, kilikuwa kitupu. Yeye aliyesimulia kuhama kwa timu hakuwa mtu wa kuhama. Walimbeba na vipeperushi vyake kwenye mifuko ya takataka, ile myeusi. Nilimwona nikiwa dirishani kwangu. Nilikuwa nyumbani, nitakuwa wapi tena? Sikushuka kwa sababu niliona nitalia, na niliona itamdhalilisha. Ndivyo nilivyojiambia.

Ukweli niliupata kazini, na niliupata nikicheka. Pale hotelini nakunja mashuka upande mmoja, na upande wa pili kuna Mmarekani mmoja wa hapa hapa, anakaribia kustaafu, anayekunja taulo. Nikamsimulia kama kichekesho: tulikuwa na mzee wetu, maskini, akili ilimtoka hadi akasema timu ya Washington imekwenda Texas.

Akaacha taulo. "Imekwenda Texas, ndiyo," akasema. "Nilikuwa mdogo, baba alinipeleka mechi ya mwisho. Watu waliingia uwanjani, wakang'oa majani, mechi haikumalizika. Nililia njia nzima."

"Na Minnesota?" nikamuuliza.

"Hiyo ni ile ya kwanza. Ilienda Minnesota. Wakaleta nyingine, jina lile lile, nayo ikaenda Texas. Tukakaa bila timu miaka mingi, ndipo hii ikaja kutoka Montreal."

"Na Boston kukaa Atlanta?"

"Boston ya zamani kabisa, ya mwanzo wa ligi. Ilikwenda Milwaukee, halafu Atlanta. Ile ya Boston unayoijua leo ni timu nyingine, ilikuja baadaye." Akaniangalia kwa upole uliozidi. "Huyo mzee wenu yuko vizuri kuliko mimi."

Nilikunja shuka moja mara nane, mpaka likawa kama kitabu.

Mtu mwema angeandika palepale kwenye kundi. Mimi nilikwenda kwa mwenyekiti kimyakimya, nikamwambia labda tumrudishe Mzee, watoto wamemkumbuka. Sikusema nimekosea. Nilisema "labda." Mwenyekiti akasema kijana wa chuo yuko sawa tu, na mzee mgonjwa tusimsumbue. Nilikuwa na nafasi ya kusema si mgonjwa. Nikasema, "Ni kweli, tusimsumbue." Mke wangu nilimwambia yote usiku ule. Aliniuliza, "Umewaandikia?" Nikasema natafuta maneno. "Yale ya kwanza uliyatafuta wapi?" Akageukia ukutani.

Miezi ikapita. Rehema aliacha darasa, akasema nyimbo za wanyama ni za watoto wadogo. Daftari lake la penseli lipo kwenye droo yangu, na nikiwa peke yangu nililisoma lote, nikalilinganisha na vitabu vya maktaba kwa kidole, mstari kwa mstari. Sikukuta kosa hata moja.

Mwezi uliopita nilikwenda Germantown. Gari tunalo, lakini ile barabara kuu ya mzunguko mimi huiona kama mto wenye mamba, kwa hiyo nilipanda basi, nikaingia treni mpaka mwisho wa njia, nikapanda basi jingine, saa mbili na nusu kwa jumla, na birika la chapati mapajani, samahani, bakuli la chapati. Binti yake alikuwa kazini. Mzee alifungua mlango mwenyewe, amepungua, kofia ya sufu kichwani ndani ya nyumba.

"Shikamoo, Mzee."

Alinitazama. "Marahaba. Wewe nani?"

"Ni mimi, Mzee. Katibu."

"Katibu wa nini?"

Nikawaza, basi ni kweli, sikumsingizia, maradhi yalikuwa njiani. Na nitasema jambo baya sasa: kwa nukta moja nilifarijika.

Akaiona faraja hiyo usoni mwangu. Mtu aliyesoma nyuso getini miaka yote ile. "Ingia, Philadelphia," akasema. "Chapati zinapoa."

Tukakaa jikoni. Kwenye mlango wa jokofu palikuwa na karatasi yenye mwandiko wake. Alinieleza bila kuulizwa. Daktari alimpima, akasema yuko sawa kwa umri wake. Binti akashukuru Mungu, ila funguo hakurudisha. Na yeye mwenyewe, tangu aambiwe anachanganya, akawa na mazoezi: kila asubuhi kabla ya kifungua kinywa anazitaja zile timu nane zilizoanza ligi, kisha anahakikisha kwenye karatasi. "Nisikilize," akasema, akageuzia karatasi mgongo. "Chicago. Boston. New York. Philadelphia. Cincinnati. St. Louis. Louisville."

Akachukua kikombe chake.

Saba. Ya nane niliijua. Nilishaisoma mara ngapi? Ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, na sikujua kama kuitaja ni kumsaidia au ni kumwandikia ujumbe mwingine kwenye kundi. Alikuwa ameshika kikombe, macho kwenye meza. Halafu akainua macho, na hakuwa ananiomba jina. Alikuwa ananitazama ninavyomtazama.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Zamani nikisahau nilikuwa mtu aliyesahau kitu. Siku hizi nikisahau, nyumba nzima inatazamana."

Akainuka kuongeza chai. Akiwa na mgongo kwangu, birika mkononi, akasema, "Hartford," kwa sauti ya mtu aliyeokota kifungo.

Nikamwambia niliyokuja kumwambia. Kwamba ujumbe ule ulikuwa wangu, kwamba sikuuliza, kwamba Boston iko Atlanta na Washington iko Texas na Minnesota, kwamba nimesoma daftari lote. Nililia kidogo, na nina aibu kusema nililia vizuri, kama mtu aliyefanya mazoezi kwenye treni. Alinisubiri nimalize.

"Wenzako uliwaambia?"

"Bado, Mzee. Niliona nianze na wewe."

"Mimi nilikuwa najua," akasema. Akachukua chapati, akaikunja, akala.

Hatukuzungumza tena habari hiyo. Aliniuliza Rehema yuko darasa la ngapi. Aliniuliza kama kijana wa chuo anawahi. Mlangoni alinishika bega, akanielekeza kituo cha basi kama mtoto, kushoto, kisha kushoto tena. Nilipogeuka kwenye kona alikuwa bado amesimama mlangoni, wima, mgongo kwa nyumba.

Nilifika Oxon Hill saa za magharibi nimechoka, na, nitakuwa mkweli, nimejipenda kidogo. Mimi, mtu wa sofa, safari ile yote! Kwenye ngazi nikakutana na jirani yangu wa juu, Mama Neema, Mkongo wa Uvira, ametoka zamu ya kutunza wazee, mifuko mikono yote miwili. Mwanawe ndiye yule aliyekataa kufuta timu yake. Nikampokea mfuko mmoja, nikamsimulia yote pale pale, treni na mabasi na chapati na machozi, nikingoja aniambie nimefanya vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuweka chini mfuko wa pili. Kisha akaninyang'anya ule niliokuwa nimemshikia, akaanza kupanda, na kabla hajafika juu akageuka:

"Kusema eti muzee amepoteza akili, uliandika kwa dakika moja, umekaa mu salon, ku sofa yako. Kusema eti ni weye ulikosea, unapanda bisi na treni mupaka Germantown, kumuambia mutu mwenye alikuwa anajua?"